Unene, kukoma hedhi na uvimbe wa kichwani: maswali ya kina mama wa Mwanza

Ni kweli unene unaleta uvimbe kwenye ubongo?

Unachangia uvimbe wa aina moja, meninjioma. Huu hauoti ndani ya ubongo wenyewe, huota kwenye utando unaoufunika, chini ya fuvu. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya WHO, liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa 13 yanayochangiwa na mafuta mengi mwilini. Saratani ya mji wa mimba na ya matiti baada ya kukoma hedhi zimo humo humo. Glioma, uvimbe unaotoka kwenye ubongo wenyewe, haukuonekana kufuata uzito.

Hatari inaongezeka kiasi gani?

Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliotolewa mwaka 2015 ulikuta hatari ya meninjioma imezidi kwa asilimia 21 kwa waliozidi uzito, na asilimia 54 kwa wanene. Asilimia hizo zinatisha mpaka uzipigie hesabu. Tuseme kati ya wanawake 100,000 wenye uzito wa kawaida, 10 wanapata uvimbe huu kwa mwaka. Kwa wanene watakuwa kama 15, yaani watano wa ziada katika laki nzima. Mama mnene wa Igoma atafikiwa na presha au kisukari mapema zaidi kuliko uvimbe huu, kwa hiyo asikose usingizi kwa ajili yake.

Kwa nini wanawake, na kwa nini umri huu?

Wanawake huupata karibu mara mbili ya wanaume, na meninjioma nyingi zina vipokezi (sehemu za seli zinazopokea homoni) vya projesteroni, homoni ya kike. Hedhi ikikoma, ovari huacha kutengeneza estrojeni na kazi hiyo hubaki kwa mafuta ya mwili: kimeng'enya kiitwacho aromatase hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni humo. Mafuta yakiwa mengi, homoni nayo huzidi. Wakati huo huo mafuta huhama kutoka mapajani kwenda tumboni, na insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, hupanda. Jirani atakuambia umenawiri, lakini kitambi hicho hakijakaa bure.

Nitajuaje kama nimezidi?

Jipime asubuhi, bila viatu, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia au mchanga hudanganya. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 84 na urefu wa mita 1.58: 1.58 × 1.58 ni karibu 2.5, na 84 ukigawa kwa 2.5 unapata 33.6. Hiyo ndiyo BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu. Kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene.

Kisha pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Fungua khanga, tafuta katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usibane tumbo. Wengi hupima pale wanapofungia sketi, na hapo kipimo hutoka kidogo kuliko ukweli. Kiuno kisizidi nusu ya urefu: kwa mama huyu, sentimita 79.

Nimechoma sindano ya uzazi wa mpango miaka mingi. Je?

Swali hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta wanawake waliotumia sindano ya miezi mitatu (medroksiprojesteroni) kwa mwaka mmoja au zaidi walikuwa na hatari ya kufanyiwa upasuaji wa meninjioma mara 5.6 ya wasiotumia. Kitanzi cha homoni ya levonojestreli hakikuonyesha ongezeko. Bado ni uvimbe wa nadra, kwa hiyo usiruke sindano kimyakimya: mwanamke wa miaka 46 bado anaweza kushika mimba. Nenda kliniki na kadi yako, ueleze umeitumia tangu lini, uulizie njia nyingine. Jua pia kwamba sindano yenyewe mara nyingi husimamisha hedhi, hivyo kutoona siku zako ukiitumia si ushahidi kwamba umekoma.

Na simu ya mkononi, inaleta uvimbe wa ubongo?

Mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na WHO na kutolewa mwaka 2024 hayakukuta uhusiano.

Nipunguze vipi bila kuacha ugali na samaki?

Samaki hana kosa. Tatizo ni mafuta anamoogelea: kijiko kimoja cha mezani kina karibu kalori 120, na sato wa kukaanga hutoka kikaangoni amefyonza vijiko kadhaa. Mchemshe na nyanya, kitunguu, tangawizi na ndimu, umtie chumvi mwishoni. Dagaa wakaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo kabla ya kuwaunga, kijiko kimoja cha mafuta kitatosha sufuria nzima. Ugali, hata wa muhogo, uwe ukubwa wa ngumi yako, mboga za majani zijaze nusu ya sahani.

Chai ndiyo inayowaangusha wengi. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu vya sukari ni gramu 36 kwa siku, kabla hujagusa andazi. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Lenga nusu kilo kwa wiki. Kutembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki, kunatosha kuanzia, na milima ya Mwanza inakuongezea zoezi bure. Anayekunywa dawa za kisukari amwone daktari kwanza, sukari isije ikashuka ghafla.

Dalili zipi zinipeleke hospitali?

Joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa mang'amung'amu ni mambo ya kukoma hedhi. Yasiyo ya kukoma hedhi ni haya: kichwa kinachozidi kuuma wiki hadi wiki, hasa alfajiri au ukikohoa, macho kufifia, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, kupoteza harufu, tabia kubadilika mpaka watoto washangae. Kifafa kinachoanza ukubwani kisipelekwe kwa mganga kwanza, kwani kinaweza pia kutokana na tegu wa nguruwe au maambukizi ya ubongo yanayotibika. Anzia kituo cha karibu, upimwe presha, malaria na VVU, kisha uombe rufaa kwenda hospitali ya Bugando kwa picha ya kichwa.

Nikikutwa nao?

Kwa takriban watu wanane kati ya kumi, uvimbe huu si saratani na hukua polepole. Mdogo usioleta dalili mara nyingi hufuatiliwa kwa MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, baada ya miezi 6 hadi 12. Unaobana ubongo hutolewa kwa upasuaji. Kupungua uzito hakuuyeyushi, ila humrahisishia kazi mtoa dawa ya usingizi na husaidia kidonda kupona. Siku ya kliniki beba picha za zamani, si ripoti peke yake, maana daktari hupima milimita kwa kulinganisha.