Kontroli boksi la mtumba halikujui: kabla hujanunua spea ya umeme wa gari

Masika iliyopita mama mmoja aliletewa gari lake karakana ya chuo chetu likivutwa kwa kamba. Maji ya mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, yaliingia hadi kwenye zulia, fundi wake akatoa hukumu kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, limekufa, na siku hiyohiyo likanunuliwa la mtumba mtaa wa Gerezani. Namba za kwenye lebo zilifanana zote na za lile la zamani, plagi zikaingia bila kusukumwa. Lakini ukizungusha ufunguo, starta inapiga, injini inashika kwa sekunde moja, kisha kimya. Kitaa chekundu chenye alama ya ufunguo kinapepesa kwenye dashibodi. Fundi akabadilisha pampu ya mafuta, halafu na plagi za moto. Kitaa kikaendelea kupepesa.

Boksi lile lilikuwa zima kabisa. Lilikuwa linasubiri ufunguo wa gari lingine, ambalo huenda limeshakatwa vipande huko Japani.

Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu isiyo na betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya mviringo; ukichomeka ufunguo, koili huipa chipu nguvu kwa mawimbi ya kilohezi 125 hivi, na chipu hujitambulisha. Chipu za zamani hutaja namba ileile kila siku. Za karibuni hupewa swali jipya kila mara na kukokotoa jibu, kwa hiyo kunasa jibu la jana hakumsaidii mwizi. Jibu lisipolingana na siri iliyohifadhiwa, gari linanyimwa mafuta au moto. Huo ndio mfumo wa imobilaiza, na katika Umoja wa Ulaya umekuwa lazima kwa magari mapya tangu 1998.

Siri yenyewe hukaa mahali padogo mno. Katika maboksi mengi ya Kijapani ni chipu ya miguu 8, ndogo kuliko punje ya muhindi, na baadhi hubeba baiti 256 tu. Lebo ya nje, kwa mfano zile namba za Toyota zinazoanza na 89661, inakueleza aina ya boksi. Haikuambii limeoana na ufunguo upi.

Siku hizi injini si peke yake. Audi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilianza kuandikisha vifaa kama redio kwenye kanzidata ya kiwanda pamoja na namba ya chesisi. Funga redio iliyotoka gari lingine: skrini inawaka, spika zinanyamaza, mpaka gari liunganishwe kwa intaneti na Ujerumani na kifaa kiidhinishwe. Kwenye Mercedes zenye otomatiki ya gia 7, kompyuta ya gia imo ndani ya giaboksi, imelowa oili, nayo imefungwa kwa gari lake. Hata redio ya Kijapani inayodai kadi ya ramani kwa maandishi usiyoyasoma, kisa betri ilichomolewa, ni jamaa wa mbali wa ukoo huu.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuamka na kukuta vioo vya pembeni na taa za gari vimeng'olewa. Spea isiyofanya kazi kwenye gari jingine haina soko. Hata hivyo mzigo humwangukia pia mwenye mali halali, hasa sisi tunaoishi kwa mtumba, na mimi naona watengenezaji hawajatutendea haki. Ulaya wana utaratibu uitwao SERMI, ambapo fundi huru huchunguzwa kwanza ndipo apewe taarifa za kufungua kufuli hizi. Huku kwetu fundi wa kawaida anabaki kubahatisha, na anabahatisha kwa fedha za mteja.

Kwa hiyo mwambie fundi apime kwanza: fyuzi, waya wa ethi, volti zinazofika kwenye boksi. Likithibitika limekufa, uliza kama la asili linatengenezeka. Ukilazimika kununua, dai seti ya gari moja, yaani boksi, ufunguo wenye chipu, na kifaa cha imobilaiza kama kiko peke yake. Magari ya kuwasha kwa kitufe yana vifaa zaidi, kikiwemo cha kufuli ya usukani. Beba kadi ya gari. Fundi wa funguo asiyeiuliza ndiye wa kumwogopa. Na anayekushawishi aiue imobilaiza moja kwa moja anakuachia gari linaloweza kuwashwa na ufunguo wowote uliochongwa mtaani.

La zamani usilitupe, hata likiwa limeoza. La yule mama lilikuwa bado kwenye buti, ndani ya kiroba. Tulipolifungua, pini zilikuwa na kutu ya kijani na saketi ya umeme imeungua, lakini ile chipu ya miguu 8 ilisomeka. Tukahamishia data zake kwenye boksi la Gerezani, akaleta ufunguo wake mwenyewe, injini ikanguruma. Ile pampu ya mafuta isiyo na kosa lolote, fundi alikuwa ameshaiuza chuma chakavu.