Mrija wa nyongo hauyeyushi mawe

Shangazi yangu alirudi Arua kutoka Kampala, alikotibiwa mawe yaliyoziba njia ya nyongo, akiwa mzima. Macho yalikuwa yameacha umanjano, mwasho uliomnyima usingizi umekwisha, mkojo si tena kama chai ya rangi. Majirani waliokuja kumpa pole waliondoka na habari moja: "Wamemtia mrija, mawe yameyeyuka."

Hayakuyeyuka. Mrija huo, ambao madaktari huuita stenti, ni kipande cha plastiki chenye urefu wa kidole na unene wa milimita 3 hivi. Huwekwa kwa endoskopi: kamera hupita mdomoni, ikashuka hadi mwanzo wa utumbo mdogo, pale njia ya nyongo inapomwagia. Daktari hupanua mlango wake kwa mkato mdogo, kisha huvuta mawe kwa kikapu cha waya au kwa puto. Yakiwa makubwa mno au mengi, au njia ikiwa na usaha na mgonjwa amedhoofika, huacha stenti ili nyongo ipite kando ya jiwe. Jiwe limebaki palepale. Ni kweli kwamba kwa wagonjwa wengine mawe makubwa hupungua kwa kusuguana na mrija miezi kadhaa, yakawa rahisi kutolewa, lakini sharti mtu arudi yatolewe.

Na hapo ndipo tulipoumia sisi. Tulidhani ukishawekwa, umewekwa. Wengi wamesikia habari za stenti ya moyo, ambayo hukaa maisha. Hii ya plastiki kwenye nyongo hutolewa au kubadilishwa baada ya miezi 3 hivi, kwa sababu bakteria hujenga utando ndani yake, mashapo ya nyongo yakanata, mwisho mrija ukaziba. Karatasi ya shangazi ilisema hivyo, kwa Kiingereza, mstari mmoja chini kabisa. Hakuna aliyemsomea. Tuliikuta baadaye ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, imekunjwa pamoja na picha za eksirei. Yeye alijisikia vizuri. Angepandia nini basi tena, karibu kilomita 500, na nauli ya kukopa?

Mwezi wa saba tangu awekewe mrija, akaanza kutetemeka kwa homa. Tukasema malaria. Kipimo kikaonyesha hana, bado akapewa dawa za malaria akazimeza siku tatu. Ningependa kila mwenye mgonjwa wa nyongo alishike hili: homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano, vikija pamoja, ni dalili za maambukizi kwenye njia ya nyongo. Yanaweza kuingia kwenye damu na kuua kwa siku chache. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme mlangoni kwamba una stenti. Ya shangazi ilipotolewa ilikuwa imejaa tope la kijani lililokaribia weusi, kama majani ya chai yaliyosagwa.

Hata jina hutupoteza. Macho ya manjano tunayaita "homa ya manjano", ilhali huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Chanjo yake haizuii jiwe.

Wapo wanaokunywa mafuta ya kula na maji ya limau wakiamini yanatoa mawe: yale mabonge ya kijani yanayotoka chooni si mawe, ni mafuta yenyewe yaliyoganda tumboni pamoja na maji ya limau.

Wengine husema mawe ni ya akina mama wanene tu. Uganda hii, ambapo utafiti wa watoto wachanga ulikuta asilimia 13.3 wamebeba kinasaba cha siko seli, ugonjwa wa kurithi wa damu? Kwa mwenye ugonjwa wenyewe, chembe nyekundu za damu huvunjika upesi, na mabaki yake hufanya mawe meusi hata kwa mtoto mwembamba. Mzazi aliyezoea macho ya manjano ya mwanawe asiseme "ni kawaida yake" yakizidi ghafla, tumbo likiuma na choo kikiwa cheupe kama udongo.

Mwisho kuna kifuko cha nyongo. Mawe mengi huzaliwa humo, kwa hiyo baada ya kusafisha njia, madaktari kwa kawaida hushauri kitolewe, la sivyo mengine yatashuka. Shangazi aliogopa kwamba bila kifuko hatakula tena. Ini huendelea kutengeneza nyongo, nayo hutiririka moja kwa moja hadi utumboni. Alipasuliwa kwa matundu madogo manne. Siku hizi anakula enyasa, ugali wetu, kwa samaki, na anaongeza.