Je, wajua idli huumuka bila hamira?

Mikahawa ya mboga ya Kusini mwa India iliyojengwa kwa sura ya kijiji cha zamani humpokea mgeni kwa vitu vilevile: paa la vigae, kolam, michoro ya mapambo, iliyochorwa mlangoni kwa unga wa mchele, vyombo vya shaba, na mahali fulani karibu na mlango, jiwe zito jeusi lenye tundu katikati, na mchi mnene wa jiwe umesimamishwa ndani ya tundu hilo. Watu hupigia picha hapo. Kisha huketi, jani la mgomba hutandikwa mbele yao ncha nyembamba ikielekea kushoto, na kama ni asubuhi, cha kwanza kutua juu yake ni idli: vikate vyeupe vya mviringo vilivyopikwa kwa mvuke, na pembeni sambar, mchuzi wa mbaazi na ukwaju, na chatini ya nazi.

Aliyelelewa na vitumbua akiimega idli na kuona vitundu ndani yake hana haja ya kuuliza. Hamira, atasema. Hata sisi tunaoandika habari za chakula tulisema hivyo kwa muda mrefu, tena kwa kujiamini. Idli haitiwi hamira. Haitiwi yai, kwa kuwa jiko la aina hii haliingizi yai. Ile ya kawaida haitiwi magadi pia. Kilichomo ni mchele, urad (ndugu ya choroko, mwenye ganda jeusi na moyo mweupe), maji, chumvi, na pengine kijiko cha uwatu.

Ukimwambia mtu hivyo, hakubali kushindwa mara moja. Basi ni hamira ya hewani, atajibu. Mbona tembo la mnazi huchacha lenyewe, bila mtu kulitia kitu? Hoja hii ni ngumu kuing'oa kwa sababu ina ukweli ndani yake. Tembo kweli huchachushwa na hamira ya porini, na katika baadhi ya rojo za idli watafiti wamekuta hamira za namna hiyo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1965 ulionyesha kwamba mwumuaji mkuu wa rojo la idli ni bakteria, Leuconostoc mesenteroides. Ndiye yuleyule anayeanzisha uchachu wa kabichi ya Wajerumani. Bakteria wengi wa maziwa mgando hula sukari na kutoa asidi peke yake. Huyu akila sukari hutoa asidi na gesi ya kaboni dayoksaidi kwa pamoja, kwa hiyo anachachusha na kuumua kwa mkupuo mmoja. Hamira ikiwepo huongeza kidogo. Isipokuwepo, rojo huumuka tu.

Bakteria huyo hatoki hewani, na wala hatoki mkononi. Hili la mkono lina wafuasi wengi India kwenyewe: husemwa kwamba rojo lazima likorogwe kwa kiganja ili "joto la mkono" lilianzishe. Bakteria wamo tayari kwenye nafaka, hasa kwenye punje za urad, na kuloweka huwaamsha. Mkono huchanganya vizuri kuliko mwiko na hupasha rojo nyuzi kidogo, jambo lenye faida asubuhi ya baridi, ila kwamba unaleta chachu ya pekee, ushahidi wake ni mwembamba. Uwatu nao husifiwa kuwa ndio chachu. Kazi yake kubwa ni ute. Kijiko kimoja cha chai kwa vikombe vinne vya mchele kinatosha. Vikizidi viwili, idli hugeuka rangi ya manjano na kubaki na uchungu nyuma ya ulimi.

Zipo idli za magadi, tuseme haki. Mkahawa wa Mavalli Tiffin Rooms wa Bengaluru, ulioanzishwa mwaka 1924, hujitaja kuwa mgunduzi wa idli ya rava, ya semolina na mtindi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mchele ulipoadimika. Ile haisubiri usiku kucha. Ni chakula kingine chenye jina la ukoo.

Kosa la mwisho ndilo kubwa, nalo ni la kudhani kwamba kinachoumuka ni mchele, kwa kuwa mchele ndio mwingi. Saga mchele mtupu uliolowekwa, uuache usiku mzima mahali pa joto. Asubuhi utakuta maji juu, mchele umetuama chini kama mchanga, na harufu ya uchachu. Gesi ilitengenezwa, lakini ilipita zake. Vitajo vya kale vinasema vivyo hivyo kwa njia yao: katika maandishi ya Kikannada ya karne ya 10 na ya Kisanskriti ya karne ya 12, chakula chenye jina la ukoo huu kilitengenezwa kwa urad, mchele haumo. Mwanahistoria wa chakula K. T. Achaya alipendekeza kwamba uchachushaji na upikaji wa mvuke ulitoka Indonesia. Ni wazo la kuvutia lenye mashahidi wachache, na wengi hawalikubali.

Basi kinachohitaji kuelezwa ni jinsi gesi inavyozuiwa isitoke. Chukua glasi mbili za maji, moja utie tone la sabuni. Puliza kwa mrija ndani ya ile ya maji matupu: mapovu hupanda, hupasuka, kwisha. Puliza ndani ya ile ya sabuni: povu hujaa hadi ukingoni na kukaa. Pumzi yako ni ileile. Tofauti ni kwamba sabuni hujitandaza kwenye ngozi ya kila povu na kuizuia isichanike. Urad ina protini zinazofanya kazi hiyo. Urad ikisagwa na maji hadi protini hizo ziachiwe huru, hushika hewa kama yai jeupe lililopigwa, na ndiyo maana jiko lisilo na yai halilihitaji.

Povu peke yake halitoshi, kwa sababu usiku ni mrefu na povu jepesi hushuka. Hapa urad hutoa kitu cha pili, ute wa jamii ya wanga uitwao arabinogalaktani. Aliyewahi kupika mlenda au bamia anajua ute unavyokataa kukatika ukiinua mwiko. Ute huo hukaza maji yaliyo kati ya mapovu, nayo mapovu hukosa njia ya kupanda juu na kuungana. Punje ndogondogo za mchele nazo huning'inia humohumo badala ya kutuama. Mkate wa ngano hushikiliwa na gluteni, nyavu inayovutika. Idli haina gluteni hata chembe, ina povu lililotiwa mlenda.

Ndipo mvuke unapoingia. Kwa dakika 10 hadi 12 wanga wa mchele hunywa maji na kuvimba, protini hukaza, na kuta za mapovu hugeuka kuwa kitu kigumu kabla gesi haijatoroka. Ni kama nyumba ya fito na udongo: fito hushikilia udongo ukiwa mbichi, udongo ukishakauka nyumba husimama. Mchele ndio udongo. Ukipungua sana, idli hutanuka kwenye mvuke kisha hunywea ikitoka. Ukizidi, huwa nzito kama kipande cha ugali wa jana.

Tukirudi mlangoni, lile jiwe la kupigia picha kwa Kitamil huitwa aattukal. Msagaji aliketi kando yake, akazungusha mchi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akausukuma urad ulioparamia kingo urudi katikati. Jiwe halikati. Linaburuza na kuponda, polepole, bila kupasha joto, na kila mzunguko hukunja hewa kidogo ndani. Blenda hufanya kinyume: visu hukatakata kwa kasi, mota hupasha joto, na baada ya dakika tano urad huwa rojo zito la vuguvugu lisilo na hewa. Ndiyo sababu kipimo hubadilika kulingana na chombo. Kwa mashine ya mawe, vikombe vinne vya mchele huinuliwa na kikombe kimoja cha urad. Kwa blenda, weka vikombe vitatu kwa kimoja, utumie maji ya barafu, na usage kwa vipindi vifupi ukipumzisha mota.

Mchele unaotakiwa ni ule ambao mpunga wake ulichemshwa na ganda lake, ukaanikwa, ndipo ukakobolewa. Mchele wa biriani haufai, hutoa idli za kunata. Urad na uwatu hulowekwa pamoja, mchele chombo chake, saa 4 hadi 6. Urad husagwa kwanza, dakika 25 hadi 30 kwenye mawe, maji yakitiwa kidogokidogo hadi yafike kikombe kimoja na nusu hivi. Kipimo cha mwisho hakihitaji saa: dondosha tone la urad kwenye bakuli la maji. Likielea, hewa imeingia. Likizama, endelea kusaga, maana hapa ndipo idli nyingi hufia, saa kumi kabla ya kupikwa. Mchele husagwa ukabaki na chembechembe za semolina. Ukilainishwa kama unga wa keki, idli hunata menoni.

Changanya vyote, tia kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, na chombo kisijae zaidi ya nusu, vinginevyo utaamka kupiga deki. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 32, ambalo miji ya joto kama Chennai, Mombasa au Dar es Salaam haiko mbali nalo kwa miezi mingi, saa 8 hadi 10 hutosha. Nairobi mwezi wa Julai ni habari nyingine: saa 16 au zaidi, chombo ndani ya oveni iliyozimwa na taa yake ikiwaka, na chumvi itiwe asubuhi, kwa kuwa chumvi hupunguza mwendo wa bakteria walio na baridi tayari. Wengine hulaumu madini joto ya chumvi ya dukani. Kiasi kilichomo ni kidogo mno; baridi ndiyo ya kulaumiwa kwanza.

Rojo lililoiva huwa limekaribia mara mbili ya ujazo wake, juu lina kichuguu chenye vitundu, na ukilichota kwa upawa husikika mlio mdogo wa mapovu yakipasuka. Usilikoroge. Kukoroga ni kuitoa nje kazi ya usiku kucha. Ukichelewa, bakteria wengine wasiotoa gesi hushika zamu, asidi hupanda, kichuguu hushuka katikati, na rojo hilo halirudi kuwa la idli.

Ila halitupwi. Siku ya pili hupunguzwa kwa maji na kuwa dosa, mkate mwembamba wa kikaangoni, ambayo hupenda ukali kidogo na haihitaji kimo. Siku ya tatu hutiwa vitunguu na pilipili na kuwa uttapam, mkate mnene kuliko dosa, isipokuwa pale jiko lisipotumia vitunguu wala saumu, ambako mvuje huchukua nafasi yao. Kilichobaki humwagwa kwenye chuma chenye mashimo na kuwa paniyaram, na chuma hicho ukikiweka kando ya chuma cha vitumbua utapata taabu kuvitenganisha.

Jikoni kwenyewe, nyuma ya vigae na shaba, jiwe la mlangoni huwa halifanyi kazi. Tangu miaka ya 1950 Coimbatore, mji wa Kusini mwa India, imekuwa ikitengeneza mashine za umeme za kusagia, na jina la mashine hizo sasa linalindwa na sheria ya India kama bidhaa ya mahali pale. Mota ni mpya, lakini ndani yake bado kuna mawe ya matale, na yanazunguka polepole kwa makusudi. Kilichogeuzwa ni kimoja: zamani kinu kilitulia na mchi ukazunguka, siku hizi mchi umefungwa na kinu ndicho kinachozunguka.