Je, wajua? Si kesi ya Rosa Parks iliyoondoa ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery

Mwanafunzi akipewa insha kuhusu Martin Luther King, kuna aya moja ambayo karibu hujiandika yenyewe. Rosa Parks, mshonaji aliyetoka kazini hoi, alikaa kwenye viti vya Wazungu mjini Montgomery, jimbo la Alabama, akakamatwa. King akaongoza mgomo wa kususia mabasi. Kesi ya Parks ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na ubaguzi ukafutwa. Ni aya inayosomeka vizuri. Ina makosa matatu, na la tatu ndilo lenye utamu.

Tuanze na viti. Basi la Montgomery lilikuwa na viti 36. Kumi vya mbele vilikuwa vya Wazungu, hata vikibaki vitupu njia nzima. Kumi vya nyuma vilikuwa vya Weusi. Vile 16 vya katikati havikuwa na mwenyewe: mpaka ulisogezwa na dereva kadiri Wazungu walivyoongezeka. Tarehe 1 Desemba 1955 Parks alikaa safu ya kwanza ya hivyo vya katikati, mahali ambapo hata kanuni za kibaguzi zilimruhusu kukaa. Mzungu mmoja alipokosa kiti, dereva aliwaamuru watu wanne wasimame, maana Mweusi hakutakiwa kukaa safu moja na Mzungu. Watatu waliinuka. Cha ajabu, sheria ndogo ya jiji ilimtaka abiria ahame pale tu palipokuwa na kiti kingine kitupu upande wake. Siku hiyo hapakuwa na kiti. Kwa hiyo mwanamke anayesimuliwa duniani kote kama mvunja sheria ya viti huenda hata hakuivunja.

Uchovu nao aliukana mwenyewe. Alikuwa na miaka 42, na alisema kilichomchosha ni kukubali kuonewa kila siku. Tena alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, si mpita njia aliyeingia kwenye historia kwa bahati.

Mengine yanajulikana zaidi. Tarehe 5 Desemba alipatikana na hatia, akatozwa faini ya dola 10 na gharama za kesi dola 4. Siku hiyohiyo mgomo ulianza, na jioni King, mchungaji wa miaka 26, akateuliwa kuuongoza. Mwanzoni wagomaji hawakudai ubaguzi uondolewe. Walitaka lugha ya heshima, madereva Weusi kwenye njia zenye abiria wengi Weusi, na utaratibu wa kujaza viti ambapo Weusi wangeanzia nyuma na Wazungu mbele bila mtu kuinuliwa. Jiji lilikataa hata hayo.

Sasa kesi. Mtu aliyeshitakiwa kwa kuruka ua ana njia nyingi za kushinda. Anaweza kusema usiku ule hakuwepo, au ua ulikuwa umeanguka, au shahidi ana macho mabovu. Hakimu akikubali, mtu anakwenda nyumbani na ua unabaki palepale. Akishindwa na kukata rufaa, majaji wanaweza kubishana miaka miwili juu ya muhuri uliokosekana kwenye karatasi, wala hakuna atakayetamka neno kuhusu ua. Lakini mtu ambaye hajashitakiwa kwa lolote akienda mwenyewe mahakamani kudai kwamba ua umejengwa kinyume cha sheria, hapo hakuna pa kukwepea. Swali ni ua, basi.

Parks alikuwa mshitakiwa wa jinai katika mahakama za Alabama, na kukata rufaa kungempitisha kwa majaji wa jimbo lilelile. Wakili wake, Fred Gray, alishaonjeshwa dawa hiyo. Mwezi Machi 1955 msichana wa shule wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuinuka basini, akakutwa na hatia ya makosa matatu, likiwemo la kuvunja sheria ya ubaguzi. Kwenye rufaa jaji alifuta mawili, hilo likiwa mojawapo, akabakiza shambulio dhidi ya polisi. Kwa juu inaonekana ni huruma. Kwa kweli alikuwa ameliondoa mezani jambo pekee ambalo lingeweza kupelekwa mbele kupinga sheria yenyewe.

Kwa nini Colvin hakufanywa nembo ya mapambano? Jibu linalorudiwa sana ni kwamba alikuwa mjamzito, lakini ujauzito ulikuja baada ya kukamatwa, kwa hiyo hauelezi kila kitu. Umri wake na umaskini wa familia yake hutajwa pia, na pengine vyote vilichangia.

Tarehe 1 Februari 1956 Gray alifungua kesi ya madai katika mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani na si ya jimbo, akamwacha Parks nje kwa makusudi ili isionekane kuwa ni ujanja wa kukwepa shitaka lake. Wadai waliobaki hadi mwisho walikuwa wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Colvin yuleyule. Kesi ikaitwa Browder dhidi ya Gayle, huyo wa pili akiwa meya. Kwa utaratibu wa wakati ule, kesi ya kupinga sheria ya jimbo kwa msingi wa katiba ilisikilizwa na majaji watatu wa shirikisho, na rufaa yake ikaruka moja kwa moja hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 5 Juni majaji wawili kati ya watatu walisema sheria hizo zinavunja katiba. Tarehe 13 Novemba Mahakama ya Juu ikakubali. Siku hiyo King alikuwa mahakamani Montgomery, ambako jiji lilikuwa likiomba zuio dhidi ya magari ya kubebana yaliyouweka mgomo hai. Habari zilimfikia humohumo. Zuio lilitolewa pia, likiwa limeshachelewa.

Haimaanishi mgomo haukuwa na kazi, ingawa ni vigumu kupima uliwagusa majaji kiasi gani. Kampuni ya mabasi iliuhisi vizuri: Aprili 1956 ilitangaza kuwa itaacha kutenganisha abiria, na jiji likakimbilia mahakama ya jimbo kuilazimisha iendelee kubagua. Mgomo ulidumu siku 381, hadi amri ya Mahakama ya Juu ilipofika rasmi kutoka Washington Desemba 20. Kesho yake King alipanda basi na kukaa mbele.

Na rufaa ya Parks? Ilitolewa uamuzi 1957, mabasi yakiwa yameshachanganya abiria. Mahakama ya rufaa ya Alabama iliacha hatia yake ibaki, kwa kasoro ya utaratibu katika karatasi za rufaa.