Je, wajua kwa nini kipimo cha kwanza cha DNA katika kesi ya mauaji kilimwokoa mtuhumiwa?

Mwaka 1986, kijana wa miaka 17 aliwakiria polisi wa Leicestershire, Uingereza, kwamba amemuua msichana wa miaka 15. Polisi waliamini ndiye aliyemuua pia msichana mwingine mwaka 1983, ila hilo alilikana. Wakamwendea Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, ambaye Septemba 1984 aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Majibu yakaja: wasichana wote wawili walishambuliwa na mwanamume mmoja, na si huyo kijana. Aliachiwa huru. Polisi wakapima wanaume zaidi ya 5,000 wa vijiji vya jirani bila mafanikio, kwa sababu muuaji alimtuma mfanyakazi mwenzake akatolewe damu kwa jina lake. Siri ilivuja kwenye baa, na muuaji akafungwa maisha mwaka 1988.

Sisi binadamu tunafanana vinasaba kwa takriban asilimia 99.9, hivyo maabara za leo hazisomi vyote. Huangalia sehemu chache ambapo kipande kifupi hujirudia mara nyingi. Sehemu hiyohiyo, wewe unaweza kuwa na marudio 9 uliyorithi kwa baba na 12 kwa mama. Jirani yako ana 11 na 14. Sehemu moja haithibitishi kitu, maana wengi watalingana hapo. Lakini Marekani, kwa mfano, tangu 2017 hulinganisha sehemu 20, na watu wawili kulingana zote ni jambo adimu mno, isipokuwa pacha wa kufanana.

Zisipolingana, aliyepimwa siye mwenye sampuli iliyookotwa eneo la tukio. Zikilingana, bado hujajua chembe zake zilifikaje pale, wala lini. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio zaidi ya 40, likiwemo la askari aliyeuawa Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika ni vya mfanyakazi wa kiwandani, aliyeshika vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli.

Kwa hiyo ripoti ya DNA inaposomwa mahakamani, iwe ya Mkemia Mkuu wa Serikali Tanzania au ya maabara nyingine yoyote, nadhani wakili wa utetezi ana wajibu wa kuuliza: sampuli ilichukuliwa na nani, ilifungwaje, na ilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika maabara?