Nadharia ya akili: kutambua kwamba mwenzio anaona mengine

Nadharia ya akili ni uwezo wa mtu kutambua kwamba mwenzake ana mawazo yake mwenyewe: kuna anayoyajua, anayoyataka na anayoyadhania, na huenda hayo yakawa mbali kabisa na yaliyo kichwani mwa huyu anayemtazama. Jina linatisha bure. Si nadharia iliyoandikwa na mtaalamu fulani. Ni ile ambayo kila mmoja wetu huitumia kimya kimya anapojiuliza, "Huyu ana nia gani?" Imeitwa nadharia kwa kuwa mawazo ya mtu hayaonekani. Tunaona macho, mikono na maneno, yaliyobaki tunakisia.

Ukitaka kuiona ikifanya kazi kwa kasi, nenda Marikiti, soko la viungo la Mombasa, ukanunue iliki. Muuzaji anapokutajia bei, tayari amekisia kama unajua iliki inauzwaje wiki hii. Amekisia pia wewe unadhani yeye anaweza kushuka hadi wapi. Nawe ukigeuka kama unayeondoka, huondoki; wataka aamini kwamba umeondoka. Naye, kama ni mzoefu, anajua kwamba wataka aamini hivyo, ndiyo maana anaendelea kupanga pakiti zake za bizari bila kukuita. Yote hayo hupita ndani ya nusu dakika, na hakuna hata mmoja kati yenu anayehisi kwamba amefanya kazi ngumu.

Swali lilipoanza kuchunguzwa, halikuanzia kwa binadamu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, David Premack na Guy Woodruff, walimwonyesha sokwe aitwaye Sarah video za mtu aliyekwama, kwa mfano anayetaka ndizi asizoweza kuzifikia. Kisha wakampa picha achague, na moja ilionyesha jinsi ya kujikwamua. Mara nyingi Sarah alichagua hiyo. Je, alielewa kwamba yule mtu anataka ndizi? Wakosoaji walipinga kwa hoja nzuri: pengine Sarah alichagua tu ambalo yeye mwenyewe angelifanya. Maadamu wewe na mwenzio mnajua jambo lile lile, siwezi kujua kama unamsoma yeye au unajisoma wewe. Lazima itafutwe hali ambayo ukweli uko huku na mwenzio anaamini kule. Tangu hapo imani isiyo kweli ndiyo iliyokuwa kipimo, na mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walikitengeneza kwa ajili ya watoto, kwa kisa cha mvulana Maxi na chokoleti yake iliyohamishwa kabati.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Chukua wanasesere wawili. Wasipokuwepo, vijiko viwili vya mbao vilivyofungwa vipande vya leso vya rangi tofauti vinatosha. Mmoja mwite Rehema, mwingine Sudi. Tafuta kikapu cha ukili chenye kifuniko, mkebe wa bati, na kashata moja. Rehema anaweka kashata kikapuni, anafunika, anatoka nje. Sudi anaitoa, anaitia mkebeni, anafunika. Rehema anarudi, anataka kashata yake. Hapo muulize mtoto: "Rehema ataitafuta wapi kwanza?" Akishajibu, yafuate maswali mawili ya kuhakikisha: "Mwanzo Rehema aliiweka wapi?" na "Sasa iko wapi?" Mtoto akikosea mojawapo ya haya mawili, jibu la kwanza halina thamani, kwa kuwa kisa chenyewe hakukifuata.

Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida huelekeza kidole kwenye mkebe, bila shaka yoyote. Anajua kashata iko wapi, basi na Rehema naye anajua. Wa miaka mitano husema kikapuni, na wengine hucheka kabla ya Rehema kufungua, kwa kuwa wameshaona atakavyoduwaa.

Jambo ni jepesi hivyo, na bado watu hulifanya vibaya, kisha wakatoa hukumu kubwa juu ya mtoto wa watu. Kosa la kwanza ni chombo kinachoonyesha kilichomo: mfuko wa nailoni kama ule wa mabuyu haufai, wala bakuli la kioo. La pili, Rehema hatoki kikweli. Akilazwa tu nyuma ya mkono wako, mtoto ana haki ya kudhani kwamba amechungulia, kwa hiyo mtoe chumbani au mtie mfukoni. Swali nalo lina mtego. Ukiuliza "atatafuta wapi?" bila neno "kwanza", watoto wengi husikia "atafute wapi ndipo aipate?", na hapo mkebe ni jibu sahihi kabisa. Watafiti wameona kwamba kuongeza neno hilo moja kunawafaulisha watoto wengi zaidi.

Macho yako pia yachunge. Mpimaji anayekodolea mkebe anapouliza amekwisha kujibu. Na nyumba zetu zina watu: kaka mkubwa aliyeegemea mlango hawezi kujizuia kunong'ona. Lugha ni muhimu kuliko vifaa. Mtoto anayezungumza Kigiriama au Kidigo nyumbani aulizwe kwa lugha hiyo, si kwa Kiswahili cha darasani, kwani unapima anavyofikiri wala hupimi msamiati. Halafu usitegemee jibu moja. Vyombo ni viwili, kwa hiyo anayebahatisha hupata mara moja kati ya mbili. Rudia mara nne, ukibadilisha kitu kinachofichwa na chombo cha kuanzia. Kupata mara zote nne mfululizo kwa kubahatisha ni nafasi moja tu kati ya 16.

Kipimo cha pili hushangaza zaidi, kwa maoni yangu. Chukua boksi la dawa ya meno, utie penseli ndani, ufunge. "Mna nini humu?" Mtoto atasema dawa ya meno. Mfungulie aone penseli, kisha funga tena, umuulize: "Kabla hatujafungua, wewe ulidhani mna nini?" Wengi wa miaka mitatu husema "penseli". Hadanganyi. Hawezi kuirudia akili yake mwenyewe ya dakika moja iliyopita na kuikuta imekosea. Ukimuuliza mtoto huyo kwamba rafiki yake aliyeko nje, ambaye hajaona kitu, atasema mna nini, jibu lake ni lile lile: penseli. Kwa hiyo kumwelewa mwenzio aliyekosea na kujielewa wewe uliyekosea yaonekana hukua pamoja. (Mkebe wa biskuti usiutumie kwa hili. Katika nyumba nyingi hutiwa uzi na sindano, na mtoto atakayekujibu "uzi" atakuwa amekushinda.)

Je, mabadiliko hayo kati ya miaka mitatu na mitano, kwenye minne hivi, ni ya watoto wa Ulaya tu? Mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Wabaka, jamii ya wawindaji msituni Kamerun. Badala ya chokoleti walitumia kokwa za embe zilizokuwa zikipikwa, nazo zikahamishwa mwenyewe asipokuwepo. Wakubwa kati ya watoto hao walijua kwamba atarudi aende pale alipoziacha. Mwaka 2001 tafiti 178 zilijumlishwa pamoja, na mwelekeo ukawa mmoja katika nchi mbalimbali, ingawa watoto wa mahali pamoja walitangulia na wa pengine wakachelewa. Mtoto anayeishi na ndugu mara nyingi hutangulia kidogo, na sababu si ngumu kuikisia: kwenye kugombania, kudanganyana na kusingiziana mna mafunzo ya kutosha.

Ushahidi ulio mzito kuliko yote kwangu ni wa watoto viziwi. Aliyezaliwa na wazazi viziwi wanaozungumza kwa ishara tangu utotoni hufaulu kwa wakati wake. Aliyezaliwa na wazazi wanaosikia, asipate lugha ya ishara mapema, huchelewa kwa miaka, ingawa akili yake ni timamu na macho yake huona kila kitu. Basi kuona watu hakutoshi. Anachohitaji ni mazungumzo, tena yale ya "alidhani", "amesahau", "hakujua", "anataka ufikiri kwamba". Mzazi anayemwambia mwanawe "Nyanya alidhani umelala, ndiyo maana hakukuita" amemfundisha mengi kuliko anayesema "Nyanya hakukuita" akanyamaza.

Hapa ndipo usonji, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na maingiliano na watu, huingia, na hapa ndipo pia mambo huharibiwa sana. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, huko London, walitumia kisa cha wanasesere Sally na Anne, kama kile cha Rehema na Sudi. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walishindwa. Kati ya 14 wenye hali ya Down, ambayo huchelewesha ukuaji wa akili, 12 walifaulu. Na kati ya 27 wasio na hali yoyote, 23 walifaulu. Kwa hiyo kushindwa huko hakukutokana na kiwango cha akili kwa jumla. Lakini wapo wanne waliofaulu, na watu wengi wenye usonji hujifunza kulijibu swali hilo kadiri wanavyokua. Zaidi ya hayo, asiyeng'amua nia yako si mtu asiyekujali. Kashata na mkebe si vifaa vya kupimia ugonjwa, na mzazi mwenye wasiwasi ampeleke mtoto kwa wataalamu badala ya kumhukumu mezani.

Kuhusu watoto wachanga na wanyama nitapita haraka, maana ubishi bado ni mbichi. Mwaka 2005 ilidaiwa kwamba watoto wa miezi 15 hutazama kwa muda mrefu zaidi mtu anapotafuta mahali pasipolingana na anachokiamini, kana kwamba wameshangaa. Waliojaribu vipimo vya aina hiyo baadaye hawakupata matokeo yale yale kila mara. Mwaka 2016 sokwe, pamoja na jamaa zao bonobo na orangutani, walionekana kuelekeza macho mapema pale ambapo mtu aliyedanganywa angetafuta. Macho kutangulia ni jambo kubwa, ila bado ni mbali na ule mchezo wa Marikiti, ambapo nakisia unavyokisia ninavyokisia. Ngazi hiyo ya pili hata watoto wetu huifikia baadaye, kwenye miaka sita au saba.

Watu wengi huchanganya uwezo huu na huruma, au na utu wenyewe. Ni kosa. Tapeli anao tele. Chukua ule ulaghai wa pesa za simu. Kwanza anakutumia ujumbe uliopangwa kama wa M-Pesa, kwa kuwa anajua kwamba ukiuona utaamini umepokea fedha. Papo hapo anapiga: "Mama, samahani, nimekosea namba, zilikuwa za dawa." Anajua unajiona mwaminifu na hutaki kuonekana mwizi. Tena anakuharakisha, kwa sababu uongo wake unaishi tu mpaka utakapotazama salio. Kila hatua inategemea kujua yaliyo kichwani mwako kuliko unavyojua yaliyo kichwani mwake. Dawa ni kuacha kuusoma ujumbe na kusoma salio, kisha kumwambia apeleke ombi kwa kampuni irudishe yenyewe. Mwenye huruma na mlaghai hutumia uwezo ule ule. Wanachotofautiana ni wanachotaka.

Na sisi watu wazima tulio nao hatuutumii kila saa. Tukishajua jambo, ni vigumu mno kufikiri kama asiyelijua. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwataka watu wagonge mezani mdundo wa nyimbo maarufu, wengine wasikilize na kuzitaja. Wagongaji walitarajia nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya 120, zilitambuliwa tatu. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani mwake. Msikilizaji alisikia ngo, ngo, ngo.

Mombasa tunaugonga mdundo huo kila mgeni anapouliza njia. "Shuka Mwembe Tayari, vuka, pita palipokuwa na duka la vitambaa, utaona kichochoro." Mgeni hajui duka lilipokuwa, kwa kuwa halipo tena. Hajui ni kuvuka upande upi, maana hakuambiwa atashuka akitazama wapi. Wewe unaiona njia nzima, ndiyo maana huoni ulichokiruka. Kurudia maelekezo kwa sauti kubwa hakusaidii. Mwombe yeye akuelezee atakavyokwenda, tangu mguu unapogusa chini. Mahali atakapositasita ndipo ulipodhani anajua, na hapo mpe kitu kinachoonekana leo: rangi ya ukuta, mnara wa msikiti, kibanda cha kuuzia miwa.