Pedi mpya, lakini breki imezama Kitonga

Wiki iliyopita kaja jamaa na gari yake katokea Iringa, anasema anashuka mteremko wa Kitonga kakanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini, hola. Na pedi kafunga mpya mwezi jana, kwa hiyo kaja kawaka anataka nimtolee nimwekee zingine. Nikamwambia kaka, tulia kwanza, pedi hazina kosa.

Ngoja nieleze maana naulizwa sana. Ukikanyaga breki mguu unasukuma mafuta ya breki kwenye masta silinda, ile pampu ya breki, yanapita kwenye paipu mpaka kwenye kalipa, kile chuma kinachoshika pedi kule tairini, yanasukuma pistoni, na pistoni ndo inabanisha pedi mbili kwenye diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, moja huku moja kule, kama unavyobana sahani kwa vidole. Pistoni ya kalipa ni pana kuliko ya masta ndo maana nguvu ya mguu inazidishwa. Na ukiachia, kuna sili ya mpira inazunguka pistoni, wakati wa kubana ilijipinda kidogo, sasa inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma, unywele tu, pedi inaachia. Kampira kadogo hivyo, mi nakaheshimu sana.

Sasa msuguano ni joto. Mteremko mrefu ule, gia kubwa, mguu hautoki kwenye breki, diski inawaka na joto linapenya kwenye pedi, kwenye pistoni, mpaka kwenye mafuta. DOT 3, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 ndo ichemke, lakini mafuta haya yanakunywa unyevu wa hewa taratibu, yakishakunywa kiwango kinaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mafuta hayabonyei ila mvuke unabonyea, kwa hiyo unakanyaga mvuke, pedi haisogei.

Ya jamaa nilivyolegeza nati ya kutolea upepo yalitoka meusi kama kahawa, hayajabadilishwa tangu anunue gari! Mi wateja wangu nawabadilishia kila miaka miwili. Tukamwaga yote, tukaweka DOT 4, tukatoa upepo tairi zote nne, pedeli ikapanda juu ikawa ngumu. Ijumaa anashuka tena, nimemwambia aingie gia ndogo tangu kule juu, injini imshikie gari. Kopo la DOT 5 alilokuja nalo nimemrudishia, hiyo ya silikoni, haichanganywi na hizi.